Udata kwa watoto wachanga: maswali tunayoulizwa kila wiki na akina mama wa Moshi na Arusha

Mimi ni muuguzi mkunga hapa Moshi, na ni mama wa watoto wawili waliozaliwa na udata wote wawili. Mmoja alikatwa, mwingine hakukatwa, na bado naamini tuliamua vizuri mara zote mbili. Maswali haya yametoka kwa akina mama wa kliniki, kwenye meseji za saa nane usiku, na kwa akina bibi wanaowasindikiza wakwe zao. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale ya nadra.

Kama mtoto wako hanyonyi kabisa, amelegea, ana homa, au amekaa muda wa saa nane bila kukojoa, usisome sasa. Mpeleke kwanza kituo cha afya kilicho karibu.

## Kuufahamu udata

Udata ni nini hasa?

Simama mbele ya kioo, inua ulimi. Utaona ukanda mwembamba wa ngozi laini unaounganisha ulimi na sakafu ya mdomo. Kila binadamu anao. Kwa baadhi ya watoto ukanda huo ni mfupi, ni mgumu, au umeshika karibu sana na ncha ya ulimi, kiasi kwamba ulimi haunyanyuki vizuri wala hautoki nje kupita fizi ya chini. Mtoto akilia, ncha ya ulimi inaingia ndani katikati na kufanya umbo la kopa. Hapo ndipo tunasema mtoto ana udata, na wengine husema ulimi umeshikwa.

Wapo wanaoita udata ukanda wenyewe, hata ukiwa wa kawaida kabisa, na hofu nyingi huanzia hapo. Mtu akichungulia mdomo wa mwanao na kutangaza kwamba ana udata, mrudishie swali moja: unamzuia kufanya nini?

Umesababishwa na nini? Kuna kitu nilikosea nikiwa mjamzito?

Hapana. Ulimi hujitenga na sakafu ya mdomo mtoto akiwa bado mdogo sana tumboni, na kwa wengine ule ukanda hubaki mfupi. Hutokea zaidi kwa wavulana kuliko wasichana, na mara nyingi hufuata ukoo: ukiuliza vizuri utasikia baba, shangazi au binamu naye alikuwa nao. Hauhusiani na mayai uliyokula, baridi uliyopigwa, wala mtu aliyekuonea wivu.

Ni watoto wengi wanazaliwa nao?

Makadirio yanayotajwa sana ni watoto 4 hadi 10 katika kila 100, kutegemea nani amepima na kwa kipimo gani. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, kilieleza kwamba chini ya nusu ya watoto wenye udata ndio hupata shida ya kunyonya. Kwa hiyo watoto wengi wenye udata hunyonya, hukua, na hakuna anayehitaji kuwagusa.

Udata na kimeo ni kitu kimoja?

Si kimoja. Naomba swali hili ulisome taratibu, kwa sababu watoto wanaumizwa kwa kukosa kuelewa tofauti hii.

Udata uko chini ya ulimi. Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma kabisa, juu ya koo, ambacho kila mtu anacho na kina kazi yake. Tangu zamani, katika sehemu nyingi za nchi yetu, mtoto akikohoa, akitapika au akikataa titi huambiwa kimeo kimekuwa kirefu, na mkata kimeo huitwa. Kimeo hakisababishi kikohozi wala hakizuii kunyonya. Kinapokatwa nyumbani, mtoto anaweza kutoka damu hadi akafa, kupata pepopunda, kupata maambukizi ya damu, au kuambukizwa VVU kwa kifaa kilichotumika kwa mwingine. Nimewapokea watoto wa namna hiyo, na wengine walifika wamechelewa.

Na yale "meno ya plastiki", je? Hayapo. Vile vivimbe vyeupe kwenye fizi ni vichipukizi vya meno ya kawaida ambayo bado hayajatoka. Mtoto akiwa na homa na kuhara, ugonjwa uko kwingine, na kuvichokonoa vichipukizi kunamwongezea kidonda mgonjwa huku kukiharibu meno yake ya baadaye.

Ukienda hospitali kwa ajili ya udata, kisha ukasikia mtu nyumbani anasema "na kimeo wakikate hapo hapo", kataa.

## Kunyonya

Nitajuaje kama udata ndio unaomsumbua mwanangu?

Usianze na mdomo wake. Anza kwa kumtazama akinyonya, mwanzo hadi mwisho.

Mtoto anaponyonya vizuri, hupanua mdomo, ulimi hutoka juu ya fizi ya chini, hulikumbatia titi kwa chini, kisha hushuka na kuvuta maziwa. Ulimi usipofika mbele, fizi ndizo zinazofanya kazi hiyo kwa kung'ata chuchu. Ndiyo maana dalili ya kwanza mara nyingi huwa kwa mama: maumivu yasiyoisha hata baada ya dakika ya kwanza, chuchu inayotoka ikiwa imebanwa bapa au ina mstari mweupe, michubuko, na baadaye titi kuvimba kwa sababu maziwa hayatoki yakaisha.

Kwa mtoto utasikia sauti kama ya kudonoa ulimi, "ta, ta", kila anapopoteza mshiko. Huteleza na kuachia titi. Ananyonya saa nzima, analala kwa kuchoka, na baada ya dakika ishirini anaamka na njaa. Maziwa yanamwagika pembeni ya mdomo.

Kila moja ya dalili hizo ina sababu nyingine pia, na iliyo ya kawaida kuliko zote ni mtoto kutowekwa vizuri kwenye titi. Ndiyo maana hatutoi jibu kwa kutazama picha ya mdomo uliyotuma kwa simu. Mtu aliyefundishwa anapaswa kuweka kidole safi mdomoni kuona ulimi unavyokwenda, halafu akae na wewe mtoto anyonye mbele yake. Aliyeangalia mdomo kwa sekunde tatu akasema "akatwe" hajampima mtoto.

Kunyonyesha kunaniuma mno. Mama mkwe anasema mtoto wa kwanza ndivyo alivyo, nivumilie. Ni kweli?

Siku chache za mwanzo chuchu huwa nyepesi kuhisi, na mvuto wa kwanza unaweza kukukunja uso. Hilo hupita. Damu, chuchu iliyochanika, au kulia kila unaposikia mtoto ameamka, hayo si ya kuvumilia.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Kwa mwanangu wa kwanza nilikuwa muuguzi tayari, na bado kituo nilichokwenda kiliniambia nivumilie, bila mtu hata mmoja kumtazama akinyonya. Nilivumilia wiki tano. Ndugu zangu waliniletea mtori kila asubuhi, na Mungu awabariki, kwa sababu mzazi anahitaji kula na kupumzika; lakini mtori hauwezi kurekebisha jinsi mtoto anavyoshika titi. Mama mkwe wako anakutakia mema. Mwombe aje na wewe kliniki, asikie mwenyewe.

Mtoto analia jioni nzima, ana gesi, anacheua. Ni udata?

Peke yake, mara chache sana. Watoto wengi hulia zaidi jioni, hasa karibu na wiki ya sita, na kucheua ni kawaida kama uzito unapanda. Nimeona wazazi wakitoka Rombo hadi mjini wakitaka ulimi ukatwe kwa sababu ya gesi, na mtoto ananyonya vizuri kabisa. Kukata hakungemsaidia.

Nianze na nini kabla ya kufikiria kukata?

Anza na jinsi ya kumpakata na kumweka kwenye titi, ukisaidiwa na mtu, kwa sababu kuisoma tu hakutoshi. Kichwa, shingo na mwili wa mtoto viwe kwenye mstari mmoja. Tumbo lake liguse lako. Umlete yeye kwenye titi, usilipeleke titi kwake. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, subiri apanue kweli, kisha mvute karibu haraka. Akishika vizuri, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umebinuka nje, na sehemu nyeusi ya titi inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Kwa mtoto mwenye udata, jaribu kuegemea nyuma kwenye mito na kumlaza kifuani kwako, maana akilala hivyo kidevu na ulimi hushuka mbele vyenyewe.

Kama titi limejaa hadi limekuwa gumu, kamua kidogo kwanza ili aweze kulishika. Kama chuchu imechanika sana, kamua kwa mkono na umlishe kwa kikombe kidogo safi. Wakunga wetu hupendelea kikombe kuliko chupa kwa sababu kikombe husafishika kirahisi. Hakikisha ananyonya au kulishwa mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwamo.

Mwambie mkunga aangalie pia kama kuna utando mweupe wa fangasi mdomoni mwa mtoto. Nao huleta maumivu ya chuchu, na hutibiwa kwa dawa.

Nijaribu kwa muda gani?

Inategemea nani anaumia na kwa kiasi gani. Kama uzito wa mtoto uko vizuri na shida ni maumivu yako, wiki moja au mbili za msaada wa kweli ni kipimo kizuri. Kama uzito unashuka, usisubiri hata siku tatu: mtoto alishwe maziwa uliyokamua na apelekwe kwa daktari huku mkiendelea kutafuta chanzo.

Mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo, lakini akipungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa ni jambo la kushughulikia siku hiyo hiyo. Wengi huurudia uzito wa kuzaliwa wakifikisha wiki mbili, kisha huongezeka kama gramu 20 hadi 30 kwa siku katika miezi ya mwanzo. Kuanzia siku ya tano tarajia mikojo sita au zaidi kwa saa 24. Mpime kwenye mzani ule ule kila mara: nimeona mama akilia kwa sababu mtoto "amepungua" gramu mia mbili kati ya mizani ya zahanati mbili, kumbe mizani ndiyo iliyotofautiana.

Ulimi una umbo la kopa kabisa, lakini ananyonya vizuri na uzito unapanda. Nimkate?

Usimkate. Endelea kumpima kliniki kama kawaida.

## Kuamua

Tafiti zinasemaje? Kukata kunasaidia kweli?

Kunasaidia baadhi. Uchambuzi wa mwaka 2017 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, ulikusanya majaribio matano yenye watoto 302. Ulionyesha kwamba kukata hupunguza maumivu ya chuchu kwa mama kwa muda mfupi, lakini haukupata ushahidi thabiti kwamba mtoto ananyonya vizuri zaidi. Jaribio jingine la Uingereza, lililotolewa mwaka 2023, lilifuatilia watoto 169. Kundi moja lilikatwa mapema pamoja na kupewa msaada wa kunyonyesha, jingine lilipewa msaada peke yake. Walipofika miezi mitatu, idadi ya waliokuwa bado wananyonya haikutofautiana sana. Ila wengi wa kundi la pili walikuwa wameshakatwa kabla ya muda huo, kwa hiyo jaribio hilo halikuweza kumaliza ubishi.

Mimi huyasoma matokeo hayo hivi: kama mama anaumia, udata unaonekana na unazuia ulimi, na msaada wa kumweka mtoto kwenye titi umejaribiwa ukashindwa, kukata ni uamuzi wa busara. Moja ya hayo matatu likikosekana, subiri.

Baba wa mtoto hataki akatwe, bibi anataka akatwe leo. Tufanyeje?

Waondoeni kwenye neno "kukata" na muwarudishe kwenye maswali matatu: uzito unapanda? Mama anaumia? Msaada wa kunyonyesha umejaribiwa? Mara nyingi kumbe mnabishana kwa sababu kila mmoja ana picha yake. Baba anawaza upasuaji mkubwa wa kulazwa. Bibi anamkumbuka mtoto wa ukoo aliyechelewa kuongea. Someni pamoja swali la kuongea na lile la jinsi inavyofanyika.

Mwisho wa yote, anayenyonyesha ni mama, na maumivu ni ya kwake. Sauti yake iwe na uzito kuliko zote mezani.

Nikiuacha, utaachia wenyewe?

Mara nyingi huleta usumbufu mdogo kadiri miaka inavyokwenda. Mdomo unakua, ukanda unalainika na kurefuka, na mtoto anajifunza kuutumia ulimi alionao. Kwa wengine hubaki umebana. Hakuna anayeweza kukuahidi njia ipi mtoto wako atafuata, lakini kusubiri hakufungi mlango: anaweza kukatwa baadaye akihitaji.

Nisipomkata atachelewa kuongea?

Hili ndilo swali linalowatia watu hofu kuliko yote, na jibu lake linatuliza: udata hausababishi mtoto kuchelewa kuongea. Mtoto wa miaka miwili asiye na maneno apimwe kwanza masikio, kisha ukuaji wake kwa jumla. Kumkata ulimi na kwenda nyumbani kusubiri kunaweza kuficha tatizo la usikivu kwa mwaka mzima, na mwaka huo haurudi.

Kinachoweza kuguswa na udata uliobana sana ni usafi wa baadhi ya sauti zinazohitaji ncha ya ulimi ipande au itoke: l, r, t, d, n, na zile za "thelathini" na "dhahabu". Hata hapo watoto wengi wenye udata hutamka vizuri. Na tafadhali, mtoto anayesema "kulala" kwa r au "rangi" kwa l kama bibi yake anavyosema, ana lafudhi ya nyumbani, hana ugonjwa. Nimeshawahi kumrudisha nyumbani kijana wa darasa la tatu kwa sababu hiyo, na ulimi wake ulifika puani.

Kumkata mchanga anayenyonya vizuri ili "kumkinga" na shida ya kuongea, sikushauri. Hakuna ushahidi mzuri kwamba kunakinga.

## Kukatwa

Kuna mama mtaani kwetu anakata kwa wembe, anasema ni dakika moja. Kuna ubaya gani?

Ubaya ni damu, maambukizi na kifaa, kama nilivyoeleza kwenye swali la kimeo. Zaidi ya hapo, chini ya ulimi kuna mishipa ya damu na mirija ya mate, na asiyeijua ataikata. Ni kweli hata hospitali huchukua dakika moja. Lakini hospitali kuna mwanga, kifaa kilichochemshwa, mtu anayejua asiguse wapi, na njia ya kuzuia damu ikigoma kukoma.

Niende wapi hapa Moshi au Arusha?

Anzia kliniki yako ya mama na mtoto, hata kama ni zahanati ya kijijini, na uende na kadi ya mtoto. Wakiona inafaa watakuandikia barua ya rufaa. Kwa Moshi kuna Mawenzi, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na KCMC, ambayo ni ya kanda na ina idara ya masikio, pua na koo. Kwa Arusha kuna hospitali ya mkoa ya Mount Meru, na zipo pia za mashirika ya dini na za binafsi. Muulizie daktari wa watoto, wa meno, au wa masikio, pua na koo anayefanya kazi hii kwa wachanga.

Kabla hujapanda gari kutoka Machame au Usa River na mtoto mgongoni, piga simu uulize siku za kliniki hiyo. Uliza na gharama yote: kumwona daktari, kukata, na kurudi kukaguliwa. Kisera watoto chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali, lakini ni vizuri kusikia mapema nini kinahusika, na kama una bima, inagharamia nini.

Inafanyikaje? Ataumia sana?

Mtoto anafungwa vizuri kwenye kanga au shuka, msaidizi anamshika kichwa, daktari anainua ulimi na kuukata ule ukanda kwa mkasi safi wenye ncha butu. Kukata kwenyewe ni sekunde chache. Damu huwa ni matone, hukandamizwa kwa shashi, halafu mtoto anapewa titi hapo hapo. Kwa mchanga wa miezi ya mwanzo kwa kawaida haihitajiki dawa ya usingizi. Wengine hupewa tone la maji ya sukari au dawa ya ganzi ya kupaka. Analia, ndiyo, na mara nyingi kilio huanza pale anapofungwa, kabla mkasi haujamgusa.

Nenda akiwa anakaribia kusikia njaa, ili anyonye mara moja baadaye. Kunyonya humtuliza na kusaidia damu kukoma.

Nimwambie daktari nini kabla?

Mwambie kama mtoto alichomwa sindano ya vitamini K alipozaliwa. Kama hujui au alizaliwa nyumbani, sema hivyo hivyo. Wachanga wasioipata wanaweza kutoka damu kirahisi. Mwambie pia kama ukoo una mtu anayetoka damu isiyokoma akitahiriwa au aking'olewa jino, kama mtoto alikuwa na manjano makali, na dawa zozote anazotumia.

Leza ni bora kuliko mkasi?

Leza ni kifaa kinachokata kwa mwanga mkali. Hakuna ushahidi kwamba kwa mchanga inashinda mkasi. Mara nyingi inashinda kwa bei tu.

Kuna hatari gani, na nirudi lini haraka?

Hatari ni chache lakini zipo: damu nyingi, maambukizi, kuumizwa mirija ya mate, kovu linaloshika tena, na mtoto kukataa titi kwa muda kwa sababu mdomo unauma. Rudi mara moja damu isipokoma baada ya kukandamiza kwa shashi safi dakika kumi, joto likifika nyuzi 38 au zaidi, au akikataa kunyonya na mikojo ikipungua.

Chini ya ulimi kumekuwa na kitu cheupe cha manjano. Ni usaha?

Kwa kawaida si usaha. Ndivyo kidonda cha mdomoni kinavyopona: doa hilo hutokea siku ya kwanza au ya pili na huisha ndani ya wiki moja au mbili. Usilisugue. Usipake asali, kwa sababu mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa, wala majivu, wala zile dawa za ganzi za meno zenye benzokaini, ambazo hazifai kwa watoto chini ya miaka miwili. Maziwa yako yanatosha.

Nimeambiwa nimfanyie mazoezi ya kuvuta kidonda kila baada ya saa chache. Lazima?

Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba yanazuia ukanda kushika tena, na mtoto anayeshikwa kidonda mara sita kwa siku anaweza kuanza kuogopa chochote kinachokaribia mdomo wake, titi likiwamo. Mazoezi yake ni kunyonya.

Amekatwa, lakini bado hanyonyi vizuri. Walikosea?

Si lazima. Mtoto aliyezoea kunyonya kwa kung'ata anahitaji siku kadhaa, pengine wiki mbili, kujifunza upya, na wewe pia. Rudi kwenye swali la nianze na nini, kwa sababu msaada ule unahitajika zaidi sasa kuliko kabla. Mwanangu alipokatwa, maumivu yangu yalipungua siku ile ile, lakini mtoto alihitaji siku tisa kabla ya kunyonya bila kuachia. Nisingejua hilo ningekata tamaa siku ya nne. Baada ya wiki mbili bila nafuu, akaguliwe tena. Huenda udata haukuwa chanzo.

## Hali za pekee

Wamesema ana udata wa nyuma, usioonekana. Ni nini?

Wengine huita hivyo ukanda uliofichika nyuma zaidi, unaohisiwa kwa kidole. Wataalamu hawakubaliani hata kuhusu maana yake. Mtoto akiambiwa hivyo, omba maoni ya daktari wa pili kabla ya mkasi.

Na ule ukanda wa mdomo wa juu?

Karibu kila mchanga anao. Hakuna ushahidi mzuri kwamba kuukata kunasaidia kunyonya, na mdomo wa juu hauhitaji kubinuka sana ili mtoto anyonye. Uache.

Mtoto wangu ni njiti.

Njiti hunyonya kwa shida kwa sababu ya uchanga wake: anachoka haraka na bado hajaweza kupanga kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja. Mpe muda, mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mlishe kwa kikombe, na udata uangaliwe tena akishakomaa.

Kidevu chake ni kidogo sana na kimerudi nyuma, au kaakaa lake lina uwazi.

Hapa usikubali akatwe na mtu yeyote ambaye si mtaalamu. Kwa mtoto mwenye kidevu kilichorudi nyuma, ulimi ulioachiwa unaweza kuangukia nyuma na kumziba pumzi. Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye misuli legevu. Hawa wanastahili rufaa moja kwa moja.

Ninaishi na VVU na ninanyonyesha. Chuchu zimechanika.

Usisubiri tarehe ya kliniki, nenda leo. Endelea na dawa zako bila kuruka na mtoto aendelee na dawa yake ya kinga. Chuchu inayotoka damu huongeza hatari ya kumwambukiza, kwa hiyo mnyonyeshe titi lililo zima. Lenye kidonda kamua, na maziwa hayo usimpe hadi lipone. Mwambie mhudumu wako kwamba unahisi mtoto ana udata, kwa sababu kwako wewe maumivu haya yanahitaji jibu la haraka kuliko kwa mama mwingine. Kama itaamuliwa akatwe, daktari ajue hali yako ili wapange siku, na namna ya kumlisha mtoto wakati kidonda chake kinapona.

Ana miaka minne sasa, na hawezi kulamba uji uliobaki juu ya mdomo.

Kutoweza kulamba peke yake si sababu. Kama anashindwa kusafisha chakula kwenye meno, anaona haya mbele ya wenzake, au sauti fulani hazitoki baada ya kusaidiwa na mtaalamu wa matamshi, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Katika umri huu kwa kawaida hukatwa akiwa na dawa ya usingizi na anaweza kushonwa nyuzi, kwa hiyo uamuzi ni mzito kuliko wa mchanga.

Wa kwanza alikatwa na kila kitu kikawa sawa. Wa pili amezaliwa na udata ule ule. Nimkate siku ya kwanza ili nisipitie tena yale?

Naielewa hofu hiyo, kwa sababu nilikuwa nayo nikiwa bado kitandani wodini. Binti yangu alikuwa na ulimi wa kopa kama kaka yake, na nilikuwa tayari kuomba rufaa kabla sijaruhusiwa. Mkunga mwenzangu aliniomba tumtazame kwanza akinyonya. Tukamlaza kifuani kwangu, nikaegemea nyuma, akapanua mdomo na kushika. Chuchu ilitoka ikiwa ya mviringo. Siku ya kumi na moja alikuwa amerudia uzito wake wa kuzaliwa. Sasa ana miaka sita, ukanda bado uko pale, na anaimba kwaya ya watoto.